Nilimgombeza Mdogo Wangu kwa Ajili ya Wavu

Baba yangu alikuwa na neno moja alilopenda kutuambia sisi watoto tulipokuwa tukimsaidia kushona nyavu kivulini. Alisema, "Wavu una macho elfu, lakini ni kipofu. Mwenye kuona ni wewe." Sisi tulicheka tu, tukaendelea kufunga mafundo. Sikujua ya kuwa neno lile lingenirudia nikiwa mtu mzima, tena kwa njia ya ugomvi na ndugu yangu wa tumbo moja.

Kijiji chetu kiko kaskazini ya Bagamoyo, si mbali na mahali mto Wami unapomwaga maji yake baharini. Maji ya huko yana tope, na kando yake pana mikoko. Ndipo kambamiti wanapokulia. Kwa sababu hiyo, nilipokuwa mtoto, meli za kukokota nyavu zilikuwa zikija mbele ya kijiji chetu, kila moja ikikokota nyavu zake huku na huku ubavuni kama ndege aliyekunjua mabawa. Wavuvi wetu wenye ngalawa na madau walitega nyavu zao katika maji yale yale.

Mwaka wa 1999, mimi nikiwa na miaka 11, baba alitega jarife lake jioni, akalala katika dau pamoja na mjomba. Kamba ya jarife aliizungusha mara moja kidoleni, kama walivyofanya wazee, ili samaki mkubwa akinasa, kidole kimwamshe. Alfajiri walisikia mngurumo wa injini. Baba alisimama, akawasha kandili, akaipunga juu ya kichwa chake huku akipiga kelele. Mjomba naye alipiga kelele. Meli haikugeuka. Kamba ilikaza kidoleni, ikakata nyama hata mfupa ukaonekana, kisha ikalegea. Jarife lote lilikuwa limekwenda.

Siandiki jina la meli ile, maana baba mwenyewe hakuliona katika giza. Lakini kovu lipo mpaka leo kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kuume. Jarife lile lilikuwa la mkopo. Baba aliuza dau ili alipe, akawa mtu wa kuomba nafasi katika madau ya wenzake. Mimi nilisoma kwa msaada wa shangazi, nikaingia Chuo cha Ualimu, na sasa ni karani wa parokia. Mdogo wangu, ambaye usiku ule alikuwa na miaka 9, alisema kwamba yeye atasomea samaki. Akasoma kweli, akawa bwana samaki.

Mwaka wa 2008 Serikali ilisimamisha uvuvi wa meli za kambamiti, kwa kuwa kambamiti walikuwa wamepungua mno. Kijijini watu walishangilia. Baba hakushangilia. Alisema, "Zizi limefungwa, lakini mbuzi wangu hayumo ndani."

Picha kutoka Iceland

Mwezi wa Septemba 2018 mdogo wangu alipata nafasi ya kwenda Iceland, kisiwa cha kaskazini kabisa ya Ulaya. Huko kuna mafunzo ya uvuvi ya miezi sita kwa watu wa nchi zetu. Yalianzishwa mwaka 1998 chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, na tangu 2020 yako chini ya UNESCO. Tulifurahi sana. Mama alimshonea fulana nzito, ingawa baadaye alituambia kwamba kwa baridi ya kule ilikuwa kama kuvaa jani la mgomba.

Miezi ikapita. Siku moja akanitumia picha katika simu. Amevaa nguo za mpira za rangi ya chungwa, amepiga magoti juu ya sitaha ya meli, mbele yake pana wavu mkubwa kama paa la kanisa, naye anafunga kitu cha rangi ya manjano, unene wake kama mguu wa mtu. Chini ameandika: "Kaka, leo nafunga vihisi katika wavu wa kukokota."

Wasomaji wangu, damu ilinichemka. Nilimwandikia pale pale: "Umekwenda mbali hivyo ili umtie macho mnyama aliyemla baba yako? Hukuona cha kusomea kingine?" Wala sikumpa salamu. Majuma mawili hakujibu. Halafu ukaja ujumbe mrefu sana. Kwa kuwa macho ya baba ni dhaifu na maandishi ya simu ni madogo, niliunakili wote katika daftari, kama ninakilivyo vitabu vya ubatizo, nikaenda kumsomea barazani. Yaliyomo ndiyo nitakayowaeleza, maana watu wengi wa pwani wanaona meli hizi kwa mbali tu, na yafanyikayo chini ya maji hawayajui.

Wavu unavyosema na meli

Wavu wa kukokota ni mfuko mrefu wenye kinywa kipana. Kamba ya juu ya kinywa ina maboya, nayo huinua. Kamba ya chini ina uzito, nayo huburuzwa karibu na sakafu ya bahari. Kulia na kushoto, mbele ya wavu, pana mabamba mawili mazito ya chuma ambayo wavuvi wa kule huyaita "milango". Meli ikikokota, maji huyasukuma kando, moja huku na moja kule, na kinywa cha wavu hutanuka. Mwisho wa wavu ni mfuko mwembamba ambamo samaki hukusanyika. Mdogo wangu aliuita tumbo.

Sasa fikirini nahodha yuko juu, na wavu uko nyuma yake mamia ya mita, chini kwenye giza. Atajuaje kama kinywa kimefunguka au kimefumba? Zamani manahodha waliweka mkono au mguu juu ya waya wa kukokotea, wakasikiliza mtetemo wake. Nilipofika hapo baba alinizuia. "Rudia," akasema. Nikarudia. Akatazama kidole chake, akanyamaza.

Baadaye watu wakabuni vyombo vya kufunga katika wavu, kwanza vya waya mrefu uliounganishwa na meli. Na katika miaka ya 1980 Wanorwe wakaeneza vihisi visivyo na waya. Havitumii redio, kwa sababu mawimbi ya redio huzimika upesi katika maji ya chumvi. Vinatumia sauti. Sauti hukimbia majini kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Kihisi hutoa mlio mfupi, wa juu kupita uwezo wa sikio la mtu; chini ya meli pana sikio lake, liitwalo haidrofoni, nalo huupokea. Wavu ukiwa mita 800 nyuma, habari hufika kwa nusu sekunde na kidogo, ikaonekana katika skrini mbele ya nahodha.

Vihisi vya milango huwa viwili. Kimoja huita, cha pili huitika, na kwa muda uliopita kati ya mwito na jibu umbali wao hujulikana. Milango ikikaribiana, kinywa kinafumba. Ikiachana kupita kiasi, kamba ya juu inashuka na kinywa kinakuwa kifupi. Tena, kihisi cha mlango huweza kuonyesha kama mlango umeinama au umelala katika tope. Bila habari hiyo nahodha huweza kukokota saa nzima wavu uliopinda, akiunguza mafuta bure. Juu ya kamba ya maboya hufungwa kingine, nacho hutazama chini kwa mwangwi, kikionyesha kimo cha kinywa, umbali wa kamba ya chini kutoka sakafuni, na samaki wanaoingia.

Lakini kihisi si kitu cha kufunga ovyo ovyo. Kile cha mlango hukaa katika kikombe cha chuma kilichochomelewa, na uso wake lazima uelekee juu, kwenye meli. "Kikielekea chini," aliandika mdogo wangu, "kinaongea na tope." Kile cha kamba ya juu hufungwa pande zote mbili kisibiringike, na huongezewa maboya, maana uzito wake huweza kuushusha mdomo wa wavu ambao umekuja kuupima. Kila kimoja hupewa kamba ya pili ya usalama, kwa sababu vifungo hukatika, na bei ya vyombo hivyo ni kubwa. Vikigusa maji huamka vyenyewe. Vikitoka vioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, vikaushwe, betri zake zichajiwe. Na kazi yote hiyo hufanywa nyuma ya meli, karibu na mteremko wa kuteremshia wavu, ambako wimbi moja lamtosha mtu asiyeangalia.

Kihisi cha tumboni

Kihisi kilichomtesa mdogo wangu ni kile cha tumbo la wavu. Kina kamba fupi zenye kulabu, ambazo hunasishwa katika macho ya wavu kwa hesabu maalumu. Samaki wakijaa, tumbo huvimba, macho hutanuka, kamba huvutwa, na kihisi hutoa habari: hapa pamejaa. Hufungwa viwili au vitatu, kimoja nyuma ya kingine, ili nahodha ajue kama amepata kidogo, kiasi au vingi.

Siku ya kwanza alipoachiwa kukifunga mwenyewe, vidole vilikuwa vimekufa kwa baridi. Alihesabu macho ya wavu kwa kutazama tu, akainasisha kulabu mbali kuliko ilivyotakiwa. Kamba ikawa imekaza kabla ya samaki kuingia. Wavu uliposhuka, kihisi kikalia mapema. Wakavuta. Tumboni mlikuwa na samaki wa kujaza vikapu vichache tu. Mabaharia walikuwa wamepoteza saa mbili, nao hulipwa kwa sehemu ya mapato. Hakuna aliyemtukana, lakini hakuna aliyemtazama usoni. Serahangi, mzee wa kimya, alimshika mkono, akamtia kidole katika jicho la kwanza la wavu, kisha la pili, kisha la tatu. Hawakuwa na lugha moja, lakini alielewa: hesabu kwa kidole, si kwa macho.

Kesho yake alifunga sawasawa. Samaki walikuwa tele. Kihisi cha kwanza kikalia. Nahodha akatazama skrini, akaendelea kukokota. Kihisi cha pili kikalia. Akaendelea bado, maana hali ya hewa ilikuwa inaharibika na alitaka kumaliza kwa mara moja. Walipovuta, tumbo lilikuwa limejaa kupita nguvu za nyuzi zake. Lilipasuka pale pale kwenye mteremko. Samaki waliokwisha kufa wakamwagika baharini, weupe juu ya maji mpaka mbali. Na wale wa chini waliosalia walikuwa wamepondwa, hawafai kuuzwa kwa bei nzuri. Katika nchi ile kila mwenye meli hupewa kiasi chake cha samaki kwa mwaka, na kutupa samaki baharini ni marufuku. Kwa hiyo hasara ile iliumiza na aibu pia.

Hapo mdogo wangu aliandika maneno ambayo niliyasoma barazani kwa sauti ya chini: "Kaka, kihisi kililia. Sote tulijua. Nahodha alijua kuliko sote."

Maswali mawili ya baba

Mwishoni mwa Machi 2019 alirudi nyumbani. Sikwenda kumpokea kituo cha mabasi. Nilijisingizia kazi za ofisini. Alipofika, alimwamkia baba, akafungua mzigo, akatoa kihisi kibovu kilichotupwa, ambacho aliruhusiwa kukichukua. Ndani hamna kitu, ni gamba tu. Baba alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuzageuza, akapitisha kidole chake chenye kovu juu ya tundu la kamba.

Akauliza, "Hiki ndicho kidole chao?"

"Ndiyo, baba. Ni kidole kirefu tu."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo mimi nililiogopa. "Usiku ule, meli ile ingalikuwa na kidole hiki, ingaliliona jarife langu?"

Mdogo wangu angeweza kusema ndiyo, ili kazi yake ipate sifa. Hakusema hivyo. Alisema, "Hapana, baba. Hiki hutazama wavu wenyewe, kinywa chake na tumbo lake. Kilichoko mbele ya meli hakikioni."

Baba akatikisa kichwa. "Basi nahodha yule hakupungukiwa na chombo. Mimi nilipunga kandili. Kandili yangu ndiyo iliyokuwa kihisi chake siku ile, naye akaendelea kukokota."

Hapo ndipo nilipoona ubaya wa barua yangu. Nilikuwa nimemwekea ndugu yangu lawama ya mtu mwingine, na nilikuwa nimekilaumu chombo kwa kosa la mwenye kukishika. Nilimwomba radhi mbele ya baba. Alinijibu kwa kunitania, "Kaka, wewe ulikokota bila kutazama skrini." Tukacheka wote, na mama akaleta chai.

Hesabu ya hekta tano

Jioni ile nilimwuliza vitu hivi vitatufaa nini sisi watu wa ngalawa. Alichukua chaki, akaniandikia hesabu kwenye ubao wa mlango. Kuna meli ya utafiti iitwayo Dr Fridtjof Nansen, yenye bendera ya Umoja wa Mataifa. Ya kwanza yenye jina hilo ilipima bahari yetu ya Tanzania katika miaka ya 1982 na 1983. Ya tatu, iliyoanza kazi mwaka 2017, ilipita kwetu mwaka 2018. Hukokota wavu si kwa biashara bali kwa kuhesabu, kwa kawaida nusu saa kila mahali, kwa mwendo wa maili tatu za baharini kwa saa. Katika nusu saa hiyo husafiri kama mita 2,800. Vihisi huonyesha namna wavu ulivyotanuka. Upana wake kati ya mabawa ni mita 18 hivi. Zidisheni wenyewe: ni mita za mraba 50,000, yaani hekta 5.

Basi, kama katika hekta 5 mmepatikana kilo 100 za samaki, huweza kukisiwa wako wangapi katika eneo zima. Lakini kama wavu ulikuwa umefumba na wewe hukujua, utasema samaki wamekwisha, kumbe wapo. Na kama ulitanuka zaidi ya ulivyodhani, utasema wako tele, kumbe wamepungua, na Serikali itaruhusu meli nyingi kuliko bahari iwezavyo kuvumilia. "Kwa hiyo, kaka," akasema, "fundo moja likifungwa vibaya huko nyuma ya meli, huweza kumnyima mtu wa hapa samaki wake. Nami ndiyo sababu niliyokubali kupigwa na baridi ile."

Siwezi kusema kwamba sasa nazipenda meli za kukokota nyavu. Wavu unaoburuzwa chini huchimbua sakafu ya bahari, na huzoa wadogo pamoja na wakubwa. Kihisi hakiyaondoi hayo. Pengine humsaidia nahodha mwenye nia njema asivute zaidi ya kipimo na asichome mafuta bure. Nahodha mwenye tamaa humsaidia kuzoa upesi zaidi. Kwa hiyo pamoja na chombo pawe na sheria, na pamoja na sheria pawe na mtu anayekwenda kuangalia. Kijijini kwetu tuna kamati ya wavuvi ya kulinda mwambao, na tangu mwaka ule nimekuwa mwandishi wake. Naandika tarehe, saa na mahali, kila wavu unapopotea. Zamani hatukuandika, na kwa sababu hiyo hatukuwa na la kuonyesha ila kovu la baba.

Mdogo wangu sasa hushinda mwaloni na rula yake, akipima samaki na kuwauliza wavuvi walitega wapi. Gamba la kihisi baba amelitundika ukutani, karibu na kandili ya zamani. Watoto wangu wakimwuliza ni kitu gani, huwaambia, "Ni kidole cha wavu." Halafu huwapa uzi na sindano, huwakalisha kivulini, na kuwaambia neno lile lile alilotuambia sisi.